Sifa za Kudai Fidia ya Ndege Iliyochelewa

Wapo wanaosema kwamba kuidai fidia kampuni ya ndege ni kupoteza muda juu ya muda uliokwisha kupotea. Hawajafikiri. Hakuna shule inayomfundisha mkaaji wa Nguba, mtaa wa Bukavu, bei ya masaa yake kwa hesabu safi namna hii. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Kavumu na ndege za abiria zikakatika, anavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, anapandia Kamembe, anapitia Kigali hadi Brussels. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, inamtazama hivi: wakati wa kurudi, akifika mwisho wa safari amechelewa masaa 4 kwa kosa la kampuni, anastahili yuro 600, ndege iwe ya nani. Wakati wa kwenda, yuro hizo zipo tu ikiwa kampuni ni ya Ulaya; akipanda ya Rwanda, kanuni haimjui. Mtu yuleyule, mizigo ileile, uchovu uleule. Na zamani za Kavumu–Kinshasa, hata Mkataba wa Montreal wa 1999, ulio wa safari za ndege za kimataifa, haukumhusu, kwa kuwa safari ilikuwa ya ndani ya nchi. Dola 10 za Go-Pass, ada ya uwanja wa ndege, hizo zilimhusu kabla hajaiona ndege. Bila kudai, nani angalijua kwamba thamani ya binadamu hupanda na kushuka kufuatana na upande anaoelekea?

Mpinzani atasema kampuni hukimbilia kisingizio cha “hali zisizo za kawaida”. Hapo ndipo mdai anapogeuka mwanafalsafa. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hitilafu ya mitambo peke yake haitoshi, maana kuharibika na kutengenezwa ni sehemu ya kazi ya ndege. Uamuzi mzuri, ila uliandikwa Luxembourg. Mkaaji wa Kivu akitakiwa kuorodhesha yaliyo ya kawaida kwake (umeme uliokatika, barabara iliyobebwa na mvua, mpaka uliofungwa mapema, uwanja uliobadili wenyewe) jaji atatafuta maji ya kunywa.

Watasema tena kwamba ajansi humtuma mtu kwa kampuni, kampuni humrudisha kwa ajansi, na pesa ikitoka, avoka ameishamega fungu lake. Ni kweli, lakini tuhesabu faida. Mkataba wa Montreal hauna bei iliyopangwa: unalipa hasara iliyothibitishwa, tena kampuni ikionyesha kwamba ilifanya kila lililowezekana, hailipi. Basi mdai anajifunza kuweka risiti ya hoteli ya Kigali, ya teksi, ya chakula, na kuitunza karatasi ya kupandia ndege kama cheti cha ubatizo. Ni serikali gani iliyowahi kutufundisha kutunza karatasi kwa ajili yetu wenyewe? Sisi tunatunza za kuonyesha barabarani tu. Hata nidhamu ya saa inapatikana humo. Mkataba unampa abiria miaka 2 ya kufungua kesi, tangu siku aliyofika au aliyopaswa kufika. Akichelewa siku moja, haki yake imezimika, na hakuna atakayemuuliza kama kulikuwa na mvua.