Marefa Watatu

Fomu ya kuomba kazi ilikuwa ya Kiingereza, na kipengele chake cha mwisho kilitaka majina na namba za simu za "referees" watatu. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, nimelelewa na redio, na kazi yenyewe ilikuwa ya kutangaza michezo. Sasa niambie, mtu wa michezo akiambiwa alete marefa, alete nani?

Nilileta marefa.

Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi anayechezesha Ligi ya Mbuzi hapa kwetu Mishamo. Wa pili ni msaidizi wake, mshika kibendera wa upande wa shule. Wa tatu ni mshika kibendera wa upande wa mashamba, na kwa kuwa hana simu, niliandika namba ya mke wake. Nikajipongeza kabisa. Niliwaza kwamba wenzangu watajaza mapadri na wakuu wa vyuo, ilhali mimi nimelielewa swali.

Nieleze kwanza tulipo. Mishamo iko Katavi, ukitoka Mpanda kwa njia ya Uvinza. Ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 katikati ya miombo kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, na babu yangu alikuwamo. Mtandao tunao, ila una sehemu zake. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichuguu kinachonizidi urefu. Ukisimama juu yake simu inasoma vizuri, lakini ukigeukia machweo, inanyamaza. Maombi yangu yote ya kazi nimeyatuma kutoka juu ya kichuguu hicho, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, huku siafu wakinikumbusha kwamba wao ndio wenye kiwanja.

Na maombi yalikuwa mengi. Tangazo huanza vizuri: mwombaji awe na stashahada. Hapo nacheka, maana tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake, cheti peke yake hakikufikishi mbali, na mimi stashahada ninayo, nimeitilia plastiki. Halafu tangazo linaendelea: awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Hapo kicheko kinakata. Ni kama kumwambia mtoto atakubaliwa kuzaliwa akionyesha kuwa amewahi kutembea.

Barua yangu ya kwanza ilikwenda kwenye gazeti la michezo. Niliandika kwa madaha kwamba tangu utotoni ndoto yangu imekuwa kufanya kazi katika "redio yenu pendwa". Hawakunijibu. Nadhani bado wanaitafuta hiyo redio.

Maombi ya pili yalitaka sauti ya dakika mbili. Kwetu kimya ni bidhaa adimu: kuna mashine ya kusaga, kuna mbuzi, kuna mama anayeniita kila ninapofungua mdomo. Nikakumbuka bani la mjomba la kukaushia tumbaku. Kuta ni nene, dirisha hakuna, na majani mabichi yananing'inia kama mapazia ya studio. Nikaingia, nikavuta mlango, nikasafisha koo. Mechi niliyoichagua ni ile ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walipowafunga Simba mabao 5-1. Sauti nikaiazima kwa marehemu Charles Hilary, kwa kuwa babu husema huyo alikuwa akitangaza mpira wa redioni mpaka wewe uliye Mishamo unakwepa shuti.

Nilichosahau ni kumwambia mjomba. Yeye alikuja na kuni zake, akawasha moto kama kawaida, akaenda zake kunywa chai. Dakika ya kwanza Yanga wanashambulia. Dakika ya pili nashambuliwa mimi. Joto limepanda, moshi umepenya, na rekodi inasikika hivi: "Maxi Nzengeli, anaingia ndani ya boksi, anamtazama kipa… khoo! khoo!… Mjomba! Mjomba, fungua!"

Nilirekodi upya kesho yake chini ya mwembe, safi kabisa. Nikapanda kichuguu, nikatuma. Baada ya siku mbili nikagundua niliyotuma ni ile ya kwanza.

Ndipo ikaja ile fomu ya marefa. Miezi mitatu ikapita bila jibu. Nikawa natembea kijijini kama mtu aliyefiwa na simu. Jioni moja nikamlalamikia sogokuru, ndivyo tunavyomwita babu kwa Kirundi, kwamba watu hawa wameninyanyasa, miezi mitatu mizima hawajajibu fomu. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua hata uso.

"Fomu ya uraia," akasema, "tulijaza mwaka 2008. Vyeti vikaanza kutoka mwaka 2014."

Akapukuchua gunzi jingine.

"Na katikati hapo nililima misimu sita."

Nikaondoka polepole. Ukitaka kuonewa huruma kwa habari ya fomu, usimwendee mtu wa Mishamo aliyevuka miaka sitini.

Wiki hiyohiyo mwalimu akaja nyumbani kwa baiskeli. Nilipomwona nikajua kuna neno, kwa sababu mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani vizuri tangu nusu fainali. Siku ile nilikuwa natangaza kwa spika ya kuazima kanisani. Mshambuliaji wetu akaangushwa ndani ya kumi na nane, mwalimu akapeta mkono, mpira uendelee. Nami nikasema kwenye spika, kijiji kizima kikisikia, kwamba refa jicho lake liko kwa mbuzi wa zawadi. Akasimamisha mchezo. Akavuka uwanja wote kwa mwendo wa ukaguzi wa kucha. Akanionyesha kadi nyekundu. Sheria za soka ni 17, na hakuna hata moja inayomtaja mtangazaji, lakini spika ilizimwa na mimi nikatolewa nje ya uwanja usio na uzio.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimepigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Wanauliza kama nakufahamu."

"Ukawaambia?"

"Nimewaambia nakufahamu, nilikupa nyekundu."

"Mwalimu!"

"Ni kweli au si kweli?"

Nikanyamaza.

"Wakauliza kosa lilikuwa nini. Nikawaambia, mdomo. Spika ilizimwa, lakini kijana huyu alisimama nyuma ya mwembe akatangaza kipindi cha pili chote kwa koo lake mwenyewe, na waliokaa upande wa mashamba hawakupoteza hata pasi moja. Wakacheka sana. Halafu wakauliza kama ile ilikuwa penalti."

"Ukasemaje?"

"Nilikata simu."

Siku nne baadaye nikaitwa kwenye usaili. Nikapanda treni Mpanda, Kaliua ikapita, Tabora ikapita, na njia nzima nilikuwa nakariri: Simba 6, Yanga 0, mwaka 1977, Kibadeni kafunga matatu. Yanga 5, Simba 0, mwaka 1968. Nilifika Dar es Salaam nikiwa nimejaa mabao kama wavu.

Jopo lilikuwa na watu watatu. Mmoja akaniuliza Mishamo ni nchi gani. Nikamjibu kwamba ni Katavi. Wa pili akaniuliza mimi ni Simba au Yanga. Mtego huo nilikuwa nimefundishwa chuoni, nikajibu kama wajibuvyo waandishi wote wa Tanzania, kwamba timu yangu ni Taifa Stars. Wakaandika kitu. Kisha yule mama wa pembeni, aliyekuwa kimya muda wote, akavua miwani.

"Christchurch, 1974. Unakumbuka nini?"

Nikapekua mabao yangu yote. Hakuna. Nikaamua kwamba mtangazaji hakai kimya hewani.

"Christchurch," nikasema kwa kujiamini, "ni timu nzuri, ila mwaka huo safu yao ya ulinzi iliwaangusha."

Mama akavaa miwani yake taratibu. Akanieleza kwamba Christchurch ni mji wa New Zealand, na kwamba huko, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Akaongeza kwa upole kwamba tangazo lao lilisema mtangazaji wa michezo, halikusema mtangazaji wa mpira.

Kazi sikuipata. Ila wakati naaga, mmoja wao alinishika mkono, akaniomba nimsalimie refa.

Nimerudi kijijini na daftari jipya. Lina riadha, lina netiboli na wachezaji wake saba, lina ngumi, lina hata Christchurch. Na juzi nikiwa juu ya kichuguu nimeona tangazo jingine, fomu ya Kiingereza, mwishoni wanataka wale watu watatu. Sasa najua kwamba hao ni wadhamini, watu wa kukusemea, wala filimbi hawahitaji. Padri amekubali. Mkuu wangu wa chuo amekubali. Nikaenda kwa mwalimu, nikamkuta anasahihisha madaftari, nikamwomba awe wa tatu.

"Naandikwa kama mwalimu au kama refa?"

"Vyovyote upendavyo, mwalimu."

Akaweka kalamu nyekundu chini. Akasema atanisemea, tena atanisemea vizuri, kwa sharti moja: ile penalti isitajwe tena kwenye spika.

Nimemwandika. Fomu inafungwa Ijumaa. Fainali ni Jumapili.