Visa Tisa vya Kufuzu AFCON, Vikipangwa Kutoka Bariyeri ya Rubavu

Orodha nyingi za mpira hupangwa Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa, na anayepanga huwa ameshachagua upande kabla ya kushika kalamu. Rubavu ina pande mbili, kwa hiyo haki ya kupanga ni yetu. Hapa Gisenyi, mji wa Rubavu, ukitoka nje unaiona Goma. Watu wana shangazi upande mmoja na soko upande wa pili. Nyumba moja ina shabiki wa Amavubi wa Rwanda na shabiki wa Chui wa Kongo, na wote wawili wanakula samaki wa sambaza kwenye sahani moja mpaka refa apulize filimbi ya kwanza. Baada ya hapo kila mtu na sahani yake.

Vigezo ni vitatu: uchungu, maajabu, na wingi wa watu ambao bado wanabishana. Ubingwa hauna alama hapa. Fainali ni za wenye miguu. Mchujo ni wa wenye miguu, kikokotoo na faili lililopangwa vizuri. Tunaanza chini. Ukikuta kisa chako kimewekwa nafasi usiyoipenda, vuta pumzi, kisha uje tubishane.

9. Uwanja wa Umuganda, Januari 2016

Najua. CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, si AFCON, na ile ilikuwa michuano yenyewe, si mchujo. Umeshaanza kulalamika na tuko namba tisa tu! Lakini orodha ya Rubavu isiyo na Umuganda ni mahari bila mbuzi. Uwanja huu wa klabu za Etincelles na Marines ulipewa Kundi D: Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe. Tarehe 19 Januari Mali ilitoka sare ya 2-2 na Uganda mbele ya macho yetu, na wiki chache baadaye Mali hiyohiyo ikawa inacheza fainali Kigali. Huko ikapigwa 3-0 na Kongo, ambayo njiani ilikuwa imeitoa Rwanda 2-1 katika robo fainali, kwenye muda wa nyongeza.

Hukumu: Rubavu iliwalea Mali, Goma ikawala.

8. Peter Tino na bao lililozeeka vizuri

Agosti 1979, Ndola. Tanzania imeshaifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam na sasa inahitaji sare tu ugenini. Peter Tino anafunga, mechi inaisha 1-1, Taifa Stars inakwenda Lagos kwa fainali za 1980. Safi kabisa. Tatizo likaja baadaye: safari iliyofuata ilikuwa 2019. Kwa miaka 39 kila mshambuliaji wa Tanzania alikuwa analinganishwa na bao moja, na kuna wazee ambao hadi leo wakilisimulia, kila mara Tino anapiga kutoka mbali zaidi. Nikisikia limepigwa kutoka Kigoma sitashangaa.

Hukumu: bao bora kuliko yote kwa matumizi ya muda mrefu.

7. Burundi wajifunga, wafuzu

Machi 2019, Bujumbura, mechi ya mwisho dhidi ya Gabon. Burundi inahitaji sare. Gabon lazima ishinde. Cédric Amissi anafunga, jiji linalipuka, na dakika chache baadaye beki wa Burundi anaupeleka mpira golini mwake mwenyewe. Zilizobaki zilikuwa dakika za watu wote kushika vichwa. Ikaisha 1-1, na Intamba mu Rugamba wakafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao, bila kupoteza mechi hata moja kwenye kundi lenye Mali na Gabon. Kule Misri, kwenye fainali, walipoteza zote tatu bila bao. Ndiyo maana wako nafasi ya saba na si ya nne, na jirani zangu Warundi wanajua nawapenda.

Hukumu: mabao yote mawili ya siku hiyo waliyafunga wenyewe. Ukarimu huo haupo pengine.

6. Kenya wafuzu bila kutoka jasho

Fupi tu. Septemba 2018 Harambee Stars waliifunga Ghana 1-0 Kasarani, kwa bao la kujifunga. Kisha FIFA ikaifungia Sierra Leone kwa sababu ya serikali kuingilia shirikisho, CAF ikaitoa kwenye kundi lao, na Kenya ikajikuta imefuzu kwenda fainali za Misri bila kugusa mpira siku hiyo.

Hukumu: ushindi dhidi ya Ghana ulikuwa halali kabisa, msinijie juu. Ila hakuna timu iliyowahi kusherehekea barua kwa furaha kiasi kile.

5. Afrika Kusini wacheza ngoma isiyo yao

Oktoba 2011, Nelspruit. Bafana Bafana wanahitaji ushindi dhidi ya Sierra Leone, lakini hawajui kwamba wanauhitaji. Wanacheza kwa utulivu, wanapoteza muda, mechi inaisha 0-0, na wachezaji wanaanza kucheza uwanjani wakiamini wamefuzu. Tofauti ya mabao ilikuwa upande wao. Kanuni za CAF hazikuwa upande wao: timu tatu zilikuwa na pointi tisa kila moja, na kilichohesabiwa ni matokeo ya zilipokutana zenyewe. Niger, ambayo siku hiyo ilikuwa imefungwa 3-0 na Misri, ndiyo ikafuzu.

Isome mara mbili. Waliofungwa tatu wamekwenda, waliocheza ngoma wamebaki nyumbani.

Hukumu: weka kanuni hiyo mfukoni. Itatuumiza sisi kwenye namba mbili.

4. Nyumbani ni wapi hasa?

Juni 2022. Amavubi ni wenyeji wa Senegal. Mechi inachezwa... Senegal. Rwanda haikuwa na uwanja ulioidhinishwa na CAF wakati huo, kwa hiyo tukawakaribisha mabingwa wa Afrika kwao wenyewe, kwenye uwanja wao mpya wa Diamniadio, na mashabiki wao kwenye viti vyote. Vijana walisimama imara mpaka dakika za nyongeza. Kisha penalti. Kisha Sadio Mané. 1-0. Mgeni kamfunga mwenyeji huku mwenyeji akiwa ndiye mgeni. Ukielewa sentensi hiyo mara ya kwanza, wewe unafaa kufanya kazi CAF.

Halafu Machi 2023 ikaja Benin. Mechi ilikuwa ichezwe Huye. Ikaonekana Huye haina hoteli za kiwango kinachotakiwa. Ikasemwa ichezwe Benin. Mwishoni ikarudi Kigali, kwenye uwanja wa Nyamirambo uliokuwa umepewa jina la Pelé mwezi huohuo, bila mashabiki. Sare ya 1-1. Tukalala. Tukaamka tukasikia kwamba Kevin Muhire alikuwa na kadi mbili za njano na hakustahili kucheza, na sare ikageuzwa kuwa 3-0 kwa Benin. Mabao matatu ambayo hakuna jicho lililoyaona!

Linaniuma kweli hili. Mchezaji anakimbia dakika tisini akiwa na jezi ya nchi, na kumbe kazi iliyomwangusha ilikuwa ya mtu wa kuhesabu kadi: kalamu, karatasi, dakika tano.

Hukumu: hoteli zilishinda, kadi zikashinda, mpira ukashika nafasi ya tatu.

3. Majina mawili, tiketi moja, 2014

Hapa ndipo sahani za sambaza huruka. Mchujo wa AFCON 2015. Dady Birori anaifunga Libya mabao matatu peke yake, Rwanda inasonga. Inakuja Congo-Brazzaville: tunafungwa 2-0 Pointe-Noire, tunarudisha 2-0 Kigali, tunashinda kwa penalti. Nyamirambo nzima iko juu.

Mshambuliaji huyohuyo alikuwa akiichezea AS Vita Club ya Kinshasa kwa jina la Etekiama Agiti Taddy, na tarehe ya kuzaliwa haikufanana na ile ya pasipoti ya Rwanda. Congo wakakata rufaa. Agosti 2014 CAF ikaiondoa Rwanda na kuwarudisha Congo.

Sasa fuata mnyororo, kwa sababu ni mzuri hata kama unauma. Congo wakachukua nafasi yetu kwenye makundi, wakafuzu, na Nigeria, bingwa mtetezi, ikabaki nje. Wakafika robo fainali. Nani aliwasubiri? Chui wa Kinshasa, chini ya Florent Ibenge, kocha ambaye pia alikuwa anaifundisha Vita Club. Congo wakaongoza 2-0. Chui wakarudi na kushinda 4-2.

Kwa hiyo, swali la bariyeri, na nimesikia likiulizwa kwa sauti kubwa pande zote mbili: je, Kinshasa ilitulipizia kisasi, au ilikula chakula kilichoandaliwa kwa ajili yetu? Mtu wa Goma atasema kisasi. Mtu wa Gisenyi atasema chakula. Mimi nasema wote wawili walipiga kelele usiku ule, na kelele za furaha zilisikika vizuri zaidi kutoka upande wa volkano.

Hukumu: uchungu kumi kwa kumi, maajabu kumi kwa kumi. Kimekosa nafasi ya juu kwa sababu kilimalizwa ofisini.

2. Kuifunga Nigeria kwao na kurudi na begi tupu

18 Novemba 2024, Uyo, mchujo wa AFCON 2025. Chukwueze anafunga kwa Nigeria. Kipindi cha pili kinasonga. Dakika ya 72 Ange Mutsinzi anasawazisha. Dakika ya 75 Innocent Nshuti anafunga la pili. Rwanda inaifunga Nigeria 2-1 kwao, maneno ambayo ukimwambia mtu mwaka 2010 angekupima joto.

Na haikutosha.

Tukae na hesabu kidogo, ni tamu na chungu. Rwanda ilimaliza na pointi nane. Benin ilimaliza na pointi nane. Zilipokutana, Benin ilishinda 3-0 Abidjan, na Rwanda ikashinda 2-1 Kigali; jumla, Benin mbele. Ile kanuni ya Nelspruit, unaikumbuka? Imekuja kututembelea. Usiku huo tulihitaji pia Libya iifunge Benin kule Tripoli. Libya! Siku nne kabla ilikuwa imetufunga 1-0 Amahoro, na sasa mashabiki walewale waliokuwa wamewakasirikia Walibya walikuwa wanawaombea mabao. Wakatoka sare ya 0-0.

Watu wengi hulaumu ile 3-0 ya Abidjan. Mimi nalaumu mechi ya Libya nyumbani, na sitabadilika. Sare tu siku ile, pointi moja ya kawaida isiyo na picha gazetini, na Amavubi wangekwenda Morocco. Uyo ilikuwa shujaa wa usiku mmoja. Amahoro tarehe 14 ndiyo iliyofunga mlango.

Hukumu: ushindi mzuri kuliko wote ambao haukununua chochote.

1. Jimmy Gatete na bandeji, 2003

Hakuna mjadala. Haya, upo, lakini utashindwa.

7 Juni 2003, Namboole, Kampala. Kundi la timu tatu: Uganda, Ghana, Rwanda. Mechi inasimama kwa vurugu kwa sababu wachezaji wa Uganda wanaamini kuna hirizi kwenye goli la kipa Muhamud Mossi. Watu wazima, wanasoka wa kulipwa, wanasaka nyavuni. Gatete anapasuka kichwa, anafungwa bandeji, anarudi, anafunga. 1-0. Kama kweli kulikuwa na uchawi, ulikuwa kichwani mwa Gatete na walikuwa wanautafuta mahali usipokuwepo.

Mwezi mmoja baadaye, 6 Julai, Ghana inakuja Kigali. Gatete tena. 1-0 tena. Rwanda inafuzu AFCON kwa mara ya kwanza, na hadi mchujo wa fainali za 2025 ndiyo imebaki mara pekee. Ghana ilipenda kilichotokea kiasi kwamba baadaye ikamchukua kocha wetu, Ratomir Dujković, na akawapeleka Kombe la Dunia 2006.

Angalia pointi. 2003 tulifuzu kwa saba katika mechi nne. 2024 tulibaki kwa nane katika mechi sita. Anayedai mpira umekuwa rahisi siku hizi aanzie hapo.

Na kwa ajili yetu wa mpakani, kuna nyongeza. Kule Tunisia, mechi ya mwisho ya kundi, 1 Februari 2004, Rwanda ilikutana na Kongo. Said Makasi akafunga, Rwanda ikashinda 1-0, na bado tukarudi nyumbani sote wawili, mshindi na mshindwa.

Hukumu: bariyeri nzima ilinuna kwa pamoja, jambo ambalo hata mkutano wa marais haujawahi kulifanikisha kwa usahihi ule.

Uganda 2016, bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro, limekosa nafasi ya kumi kwa sababu orodha ina tisa. Bao la Msuva wa Tanzania dhidi ya Guinea 2024, hivyohivyo. Mtu wa Mbugangari, hapa Rubavu, anayetaka Uyo ipande namba moja anakaribishwa, mradi aje na maelezo ya ile pointi ya Libya kwanza.