Baraza la Chini ya Kitanda

Katika moja ya magorofa marefu ya Michenzani, mjini Unguja, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, ambao walikuwa wakarimu wa saruji lakini yaelekea hawakuambiwa habari za baraza, anakaa kijana wa miaka 15 ambaye jina lake tutalisitiri, kwa kuwa dhambi yake ni moja tu, nayo ni kwamba hapendi kukimbia. Akiupiga mpira, mpira hubaki na kiatu huondoka. Kwa sababu hiyo jamaa zake wamekwisha mhukumu kuwa ni goigoi, na kila alasiri ya likizo hapakosi mtu wa kusimama mlangoni pake akamwuliza, kwa sauti ya hakimu, kwa nini hana la kufanya.

Usiku mmoja, kijana alipokuwa amelala, vitu vyake vilikaa baraza chini ya kitanda. Waliohudhuria ni Bao la mninga, urithi wa babu yake. Daluga, ambao ni wawili lakini husema kwa kauli moja. Simu, aliyeanguka kutoka juu ya mto wa kulalia akakosa wa kumwokota. Daftari, mwenye haya nyingi. Na Mjusi wa ukutani, aliyekuja kwa ajili ya mbu akakaa kwa ajili ya maneno.

DALUGA: Waheshimiwa, mimi nimedhulumiwa. Nilinunuliwa Darajani kwa fedha taslimu na ami yake kijana huyu, nikaletwa humu kwa vigelegele, na tangu siku hiyo sijaonja hata ncha moja ya jani la uwanja. Zile karatasi nilizojazwa dukani zimo tumboni mwangu bado. Naliuliza baraza hili: mtoto wa kiume, mwenye miguu miwili mizima, asiyecheza mpira, atakuwa mtu wa namna gani?

BAO: Atakuwa mtu asiyecheza mpira. Endelea.

DALUGA: Michezo hujenga afya, Mzee Bao. Ami yake amelisema hilo mara nyingi.

BAO: Hulisema amesimama au amekaa?

DALUGA: Hulisema amekaa.

BAO: Nilidhani hivyo. Maana huyo ami, kila Jumamosi, husali alasiri akaenda zake katika kibanda umiza, akalipa kiingilio, akaketi juu ya kiti cha plastiki dakika 90 na za nyongeza, na mechi ya pili inayofuata, akiwatukana Waingereza wasiomsikia kwa kukosa pumzi, kisha akarudi nyumbani ameshika kiuno, akamkuta mtoto amekaa, akaghadhibika kwa kumkuta amekaa. Kama katika safari hiyo yote yumo mwanamichezo, basi ni kile kiti.

MJUSI: Kiti kile nakijua. Kimepinda mguu mmoja.

BAO: Ameumia mazoezini, maskini.

MJUSI: Na juzi hakuonekana kabisa.

BAO: Atakuwa katika orodha ya majeruhi.

SIMU: Nasikia iko timu ya Uarabuni inamtaka, lakini wenye banda hawajakubaliana juu ya ada.

DALUGA: Mnanifanyia stihizai!

(Mzaha huu wa kiti uliendelea kwa muda mrefu kuliko nilivyouandika, na Mjusi aliucheka kuliko ulivyostahili.)

SIMU: Shikamoo, Mzee Bao, na nisamehewe kuingia kati.

BAO: Marahaba, mwanangu. Umeanguka vizuri?

SIMU: Kioo kimepata ufa mdogo, alhamdulillahi. Nasema hivi: kijana hana sababu ya kuona uchovu, kwa kuwa kila kitu kimo ndani yangu. Nimemwonyesha namna ya kupiga gitaa, namna ya kukunja karatasi ikawa korongo, namna ya kupika keki pasipo jiko la keki, na namna ya kutajirika kwa siku 30. Wiki iliyopita alitazama vijana wengine wakifanya mambo yao ya kupendeza mpaka adhana ya alfajiri.

BAO: Na yeye alifanya lipi?

SIMU: Alitazama.

BAO: Basi kila kitu kimo ndani yako, ila mikono yake haimo. Nawe, mwanangu, hukumwondolea uchovu. Umempa uchovu wenye mwanga. Zamani kijana aliyechoka kukaa alitazama dari, na dari, kwa kuwa haina adabu ya kumpendezesha mtu, ilimkinaisha mapema, akainuka akatafuta fimbo, au kopo, au mwenziwe. Kuchoka kukaa si maradhi ya kupelekewa dawa kwa haraka. Ni njaa, na mwenye njaa muache atafute jikoni mwenyewe.

DALUGA: Kama ni kutafuta, mbona hakukutafuta wewe? Umekaa humu na vumbi lako. Bao ni mchezo wa wazee wasio na meno.

BAO: Mwalimu Nyerere alicheza bao, wala sijasikia aliyethubutu kumwita goigoi. Sikiliza, ewe mwenye karatasi tumboni. Mimi nina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64 za mbegu za mkomwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mpaka hizo 22 zitakapokwisha huwa mnanamua, yaani mnaziingiza ubaoni. Ndipo hatua ya mtaji huingia, na kete za shimo moja husambazwa moja moja, na ya mwisho ikiangukia penye wenziwe, mkono huinua tena na kuendelea, zamu moja ikazunguka na kuzunguka mpaka ilale katika shimo tupu. Sasa bingwa, kabla hajagusa kete, huwa amekwisha ona kichwani mwake pale itakapolala. Alikuja Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, akakaa na mabingwa wa Unguja, na katika miaka ya 1990 akaandika tasnifu ya chuo kikuu juu ya jambo hilo hilo, ilhali wajukuu wa mabingwa hao walikuwa wakiambiwa waondoke barazani wakacheze. Na nyumba, lile shimo langu la mraba—

MJUSI: Mzee akifika kwenye nyumba, hatutalala.

BAO: Basi naifunga nyumba. Lakini simdai kijana anicheze. Kama hanipendi, asinicheze. Mimi si ami yake.

DAFTARI: Waheshimiwa, naomba ruhusa. Mimi najua anachofanya.

(Hapa wote walinyamaza, kwa sababu Daftari hakuwa amepata kusema tangu muhula ulipofungwa.)

DAFTARI: Mimi ni daftari la hesabu, la miraba. Kwa mbele nina hesabu, na nyingi zina alama nyekundu. Kwa nyuma nina vyombo. Skuli ikifungwa, hunitia ndani ya fulana yake akaenda Malindi bandarini, akaketi pembeni akachora majahazi. Ukurasa wa kwanza alichora jahazi ambalo tanga lake limejaa upepo wa kwenda kulia, na bendera yake ya tezi inapepea kwenda kushoto. Nahodha mmoja akainama akatazama, akamwambia: "Chombo chako kina pepo mbili, mwanangu, abiria wake wana mashaka." Kijana hakukasirika. Alifuta bendera kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, na tundu ninalo hadi leo.

BAO: Kisha?

DAFTARI: Kisha akarudi kesho yake. Sasa anajua omo na tezi, na mlingoti, na foromali ambayo mwanzoni aliichora kama fimbo ya kuanikia nguo. Ngalawa bado humshinda. Mirengu yake huipachika ikawa kama miguu ya buibui. Na amejaribu mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba, chenye tanga la mkeka la mraba, ambacho hajakiona baharini wala hatakiona. Mfano wake ulikuwamo katika Beit al-Ajaib, lakini jumba lile la Sultani Sayyid Barghash, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020, kabla hajapata kwenda kuutazama. Basi ameuchora kwa kuuliza watu. Umetoka kama pakacha.

BAO: Mzuri?

DAFTARI: Mbaya sana, mzee. Lakini akiuchora hupiga mluzi.

SIMU: Hapo ndipo penye tatizo, na mimi nina habari isiyonipa raha. Jana mama yake alimfunua Daftari, akampiga picha, akaituma katika kundi la ukoo. Majibu yamekuja kama mvua. Shangazi ameandika: kipaji! Binamu wa Muscat ameandika: kipaji! Na ami ameandika kwa herufi kubwa kwamba kumbe mtoto ana kipaji, na kwamba michoro hiyo ichapishwe juu ya fulana iuziwe watalii, na ifunguliwe chaneli, na kijana atoe michoro kumi kila wiki, na huo mtepe autengeneze ufanane na chombo.

DALUGA: Ona sasa! Hiyo ndiyo akili. Edward Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kule Dar es Salaam, kwa makopo ya rangi na vipande vya ubao, na leo jina lake liko dunia nzima. Mtoto akiwa na kitu, kimlipe!

BAO: Tingatinga, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzima mwenye kutafuta riziki, na riziki haina aibu. Huyu ni mtoto anayetafuta pumzi. Kwa nini mmechanganya mambo mawili haya? Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha miaka mingi, na mshahara wake ulitoka forodhani, si katika beti. Walioanzisha kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa hapa Unguja mwaka 1905 walikutana kujifunza ala kwa kuwa walizipenda. Na babu yake kijana huyu alinicheza miaka arubaini, akashindwa zaidi ya alivyoshinda, na akirudi nyumbani uso wake ulikuwa umekunjuka. Hapana aliyemwuliza: bao limekuingizia nini mwezi huu?

Enyi watu wazima! Mkimwona mtoto hana la kufanya, mnamwita mvivu. Akipata la kufanya, mnaita mkutano wa bei. Mnamwambia ajitafutie cha kumfurahisha, naye akikipata mnakinyang'anya mkononi mwake, mnakipima, mnakipa jina la kipaji, mnakirudisha kikiwa kazi. Kipaji, kipaji! Nani kasema lazima awe nacho? Hana haki ya kufanya jambo vibaya, kwa faragha, kwa kulipenda tu? Nyinyi mnaoimba harusini kwa sauti hizo mnazozijua wenyewe, nani amekuombeni michoro kumi kwa wiki? Asiyekimbia aacheni asikimbie. Anayechora pakacha akaliita mtepe, mwacheni na pakacha lake, wala msilitie katika fulana. Ni fedheha kwa ukoo mzima kuwa na watu wazima ishirini katika kundi moja, na asipatikane hata mmoja wa kwenda Malindi akakae pembeni ya mtoto nusu saa bila kumwuliza kitu!

(Kwa ghaidhi aliyokuwa nayo, Bao alisahau kwamba wanaomsikiliza ni jozi ya viatu na mjusi.)

DALUGA: Mimi sikusema apimwe. Nilisema nitoke nje, basi.

BAO: Utatoka. Yuko binamu yake wa Jang'ombe, miguu yake ni saizi yako na huota mpira usiku. Hapana aliyekuambia uwe wa huyu.

DALUGA: Jang'ombe wana uwanja?

MJUSI: Wa vumbi.

DALUGA: Vumbi pia ni uwanja.

SIMU: Mzee, ujumbe mwingine umeingia sasa hivi. Ami anataka kijana akiamka tu amjibu: fulana ya kwanza iwe na jahazi au ngalawa? Amesema nilie mpaka aamke.

BAO: Una chaji kiasi gani?

SIMU: Asilimia nne.

BAO: Na tochi yako hula kiasi gani?

SIMU: Tochi? Hula sana, mzee wangu.

BAO: Basi mmulikie Daftari, tuione hiyo mirengu ya ngalawa amekosea wapi.

Simu akafikiri kidogo, akawasha tochi. Daftari akajifungua ukurasa wa ngalawa, Daluga wakasogea wote wawili, na Mjusi akashuka ukutani, akisema kwamba yeye habari za vyombo hazijui, ila penye taa mbu hawakosekani.