Kope Moja, Waganga Mtaa Mzima

Jicho langu la kushoto linacheza. Kope ya chini inaruka yenyewe, inatulia, inaruka tena, hata nikiibonyeza kwa kidole. Hilo ningelivumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni waganga waliojitokeza tangu habari ienee.

Mama mwenye nyumba alilitazama mara moja tu, akatoa hukumu: "La kushoto hilo, baba. Utalia." Eti lingekuwa la kulia, ningepata mgeni wa heri. Ananidai kodi, halafu ananitabiria kilio! Utabiri wa namna hiyo hata mimi nauweza.

Kijiweni wakasema ni gesi. Siku hizi kila kitu gesi: mgongo gesi, kichwa gesi, na sasa jicho nalo lina gesi. Mzee mmoja akasema mishipa imelegea, mizizi anayo nyumbani, bei tutaelewana. Ushauri wote huo ulitolewa huku muuza kahawa akinijazia kikombe kingine, na hakuna aliyelitupia dele jicho la lawama. Kumbe kahawa, kukosa usingizi na mawazo ndivyo vinavyochezesha kope za watu wengi.

Aliyenimaliza ni kijana wa duka la simu. Kaperuzi kidogo, kaninong'oneza kwa huruma: "Kaka, yule mwanasayansi Stephen Hawking alianza hivi hivi." Hivi hivi wapi! Hawking alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wake wa neva mwaka 1963, akiwa na miaka 21, tayari alikuwa akijikwaa na kuanguka. Ugonjwa ule huondoa nguvu: kifungo cha shati kinakushinda, ulimi unakuwa mzito, msuli unakonda. Na yeye mwenyewe, aliyekadiriwa miaka miwili, aliishi mpaka 2018.

Nikaenda kwa daktari ili wanyamaze. Jicho hakulitazama sana, alikuwa na maswali tu. Miguu inawaka moto usiku? Vidole vinakufa ganzi? Sukari umepima? Unameza metformini? Dawa hiyo ya kisukari, ikitumiwa muda mrefu, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na neva zikaumia. Umewahi kutumia dawa za kifua kikuu? Isoniazidi nayo hugusa neva, ndiyo maana wengi hupewa pamoja na vitamini B6.

Kisha akauliza kama huwa napulizia dawa shambani. Nikacheka, mimi na nyanya tunakutana sokoni. Yeye hakucheka. Mpuliziaji wa dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati, asiyevaa glavu wala barakoa, anaweza kupata sumu: misuli inarukaruka mwilini, mate na jasho vinamtoka, mboni zinasinyaa zikabaki nukta. Huyo hasubiri kesho, anakimbizwa hospitali.

Mimi nikaandikiwa kupunguza kahawa na kulala. Nimelipa hela ya kumwona daktari niambiwe nilale, jambo ambalo mama yangu aliniambia bure utoto wangu wote!

Basi msomaji, kope ikicheza peke yake, pumzika, na kijiweni usiseme. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, mkono ukikosa nguvu, mguu ukifa ganzi au uso ukipinda, nenda hospitali, mizizi ya mzee iache. Na wewe mwenye baa ya jirani, daktari kaagiza nilale: zima spika hizo.