Namna ya Kulala Hotelini Kigoma na Bado Ukafika Ujiji

Ukishuka Kigoma na sanduku lako la magurudumu, kwanza lisimamishe. Geuka uitazame stesheni. Jengo hilo ni la enzi za Wajerumani, na reli ilifika hapa mwaka 1914 baada ya kukata nchi zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Chumba chako kimeshalipiwa na hakitahama. Waliokuja kwa ndege nao waje stesheni, hawajasamehewa.

Hoteli nzuri za Kigoma zimejengwa zikitazama ghuba. Omba chumba cha upande wa ziwa, na ukipewa cha upande wa maegesho, omba tena. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Huwezi kuja mpaka hapa ukalala umelipa kisogo. Usiku shusha chandarua lakini pazia liache wazi, maana zile taa zinazoelea gizani kama mtaa mzima umehamia majini ni za wavuvi wa dagaa. Mwanga ndio unaowavuta samaki juu. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu na wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo panga safari yako mwezi ukiwa mchanga.

Kwenye chai ya asubuhi, sheria ni moja: kataa soseji. Anayefika Kigoma akala soseji amejidhulumu mwenyewe, na amewadhulumu pia wavuvi waliokesha. Ulizia mgebuka. Ulizia dagaa waliokaangwa kwa mawese, na ugali wa muhogo ukiwepo. Ukiambiwa hakuna samaki, usinune kabla ya kuuliza sababu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei, ili samaki wazaliane. Miezi ya namna hiyo kula maharage kwa moyo mweupe. Unachangia mgebuka wa mwakani.

Ukimaliza kula, usirudi kitandani. Nenda ufukweni Katonga ukaone dagaa wakianikwa. Mama mmoja hupitisha viganja juu ya samaki kama anayetandika shuka, akiwageuza walio chini wapate jua, na vidole vyake vinachomoa vijiti na punje za mchanga bila yeye kuangalia. Dagaa wa alfajiri bado anang'aa; wa jana ameshapinda na ukimvunja analia. Nunua hao wa jana, palepale, kwa mwenyewe. Usinunue kisha ukalalamika kwamba chumba kinanuka samaki.

Sasa sanduku liko chumbani, tumbo limeshiba, na hapa ndipo wageni wengi huharibu. Wanakodi gari, wanapelekwa Ujiji, mji wa kale ulio jirani, wanapiga picha kwenye mnara, na baada ya nusu saa wamerudi kwenye bwawa la kuogelea. Nakataza jambo hilo kwa nguvu zote nilizo nazo. Panda daladala inayopita eneo la Mwanga, ushuke Ujiji asubuhi, na usirudi kabla ya alasiri.

Anza na mnara, sawa. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na miembe iliyopo inasemekana ni uzao wa ule wa zamani. Jumba la makumbusho lina sanamu za hao wawili wakivuliana kofia. Ukishazitazama, muulize mwongozaji habari za Abdallah Susi, mtumishi wa Livingstone. Stanley alipokaribia mji, Susi ni mmoja wa waliotoka mbio kumlaki kabla hajafika kwa Livingstone. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wengine ndio walioubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Mtu akitoka Ujiji anajua majina mawili ya Wazungu na hajui la Susi, arudi aanze upya.

Muulize pia ziwa limekwenda wapi, kwa sababu mnara unaonyesha ufuko wa wakati ule na wewe unaona nyumba. Maji yalikuwa juu zaidi siku hizo. Miaka michache baadaye yalizibua kinywa cha mto Lukuga, upande wa Congo, yakashuka kwa mita kadhaa na kuuacha mji nyuma.

Kisha tembea, maana kazi yenyewe ni hiyo. Vaa nguo ya heshima. Huu ni mji wa misikiti. Ukimkuta mzee barazani, shikamoo kwanza, maswali baadaye, na kamera mwisho kabisa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapa Februari 1858 na kuukuta mji ambao tayari ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani. Njia hiyo ilileta Kiswahili na Uislamu, na ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Usikubali kusimuliwa nusu moja tu. Wamanyema waliovuka ziwa, kwa hiari au kwa kulazimishwa, wana wajukuu katika mitaa hii unayoikanyaga.

Maliza ufukweni kwa mafundi wa boti. Utawakuta wanakalafati: fundi anasokota pamba, anaiingiza kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu, anagonga, anasogea nusu hatua, anagonga tena. Mpe salamu na umwache afanye kazi, kwa sababu uzembe wa upana wa kidole unaweza kuzamisha watu.

Sasa neno kwa wenye hoteli, kwa kuwa nao wanahitaji mwongozo. Hanoi, huko Vietnam, kuna hoteli ya Metropole iliyofunguliwa mwaka 1901. Mwaka 2011, katika ukarabati, walifukua handaki la kujikinga na mabomu la wakati wa vita chini ya ua wao, na sasa wageni huteremshwa humo kusimuliwa. Ninyi hamhitaji kufukua chochote. Ujiji iko juu ya ardhi, dakika chache kwa gari. Ajirini vijana wa Ujiji wawatembeze wageni siku nzima. Nunueni samaki Katonga. Ziwekeni kwenye kuta za mapokezi picha za Liemba, meli iliyotoka Ujerumani kwa vipande, ikaingia majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Picha za minazi ya nchi nyingine ziondoeni.

Na manispaa isikilize. Mji Mkongwe wa Zanzibar umezigeuza nyumba nyingi za kale kuwa za kulala wageni. Ujiji ina nyumba zake za zamani zenye baraza na milango mizito, na kila masika yanayopita bila ukarabati yanazidhoofisha. Wasaidieni wenyewe waziezeke na kuzifungua kwa wageni, kabla hazijaanguka. Siku nyumba ya kwanza ikifunguliwa, mgeni wangu, hamisha sanduku lako ukalale huko.