Klipu Moja tu, Burgao Nzima

Kompyuta yangu imemeza arusi. Sitanii. Divii ya arusi ya binamu yangu iliyofanyika Mombasa, tangu hina mpaka bwana arusi kuingia ndani, iliwekwa kwenye trei saa nne asubuhi mbele ya shangazi na wanawake kumi na wanne waliokuja na mikeka yao. Ikazunguka mara mbili, ikakoroma kama ngamia mwenye mafua, ikanyamaza. Nikabonyeza kitufe cha kuitoa. Tik. Nikabonyeza tena. Tik. Shangazi akaniuliza kama hiyo ndiyo ngoma yenyewe.

Mchawi namjua. Ni kijana wa studio aliyeirekodi, aliyeona divii tupu haipendezi, akaibandika karatasi ya gundi yenye mawaridi na majina ya maharusi. Unene wa hivi visahani ni milimita 1.2, na ndivyo ulivyo tangu Philips na Sony walipoleta sidii ya kwanza sokoni mwaka 1982. Nyumba ya divii ndani ya kompyuta imejengwa kwa kipimo hicho, haina nafasi ya maua. Ongeza karatasi, ongeza gundi, kisha ongeza joto la hapa kwetu Burgao: ukingo wa karatasi unabanduka, unajikunja, unashika dari, na arusi imekwama hapo.

Dawa yake ni nyepesi hata aibu kuieleza. Unazima kompyuta. Kwenye uso wa trei unatafuta kitundu, upana wake milimita moja hivi, ambacho watu wengi hudhani ni cha kupitishia hewa. Unanyosha klipu ya karatasi, unaiingiza bila kuipinda, unasukuma mpaka uhisi kitu kinakukatalia, halafu unakandamiza kidogo. Komeo linaachia, trei inachungulia nje, unaivuta kwa kidole. Kazi ya dakika moja, ukiwa na klipu.

Sasa klipu hukaa palipo na karatasi, na karatasi hukaa palipo na ofisi. Nilikwenda dukani. Pana sukari, tambi, sabuni, betri, nyuzi za nyavu za kila unene. Nikaomba klipu. Mwenye duka akafikiri kwa heshima kabisa, akaniuliza, "Ya kuvulia samaki gani?"

Kismayo zipo, bila shaka. Lakini Kismayo ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, uipite Chovai, uipite Chula, uipite Koyama, na huu ni msimu wa kusi. Hakuna nahodha mwenye akili atakayeingiza mashua kwenye mawimbi yale akafuate kijiwaya cha urefu wa kidole.

Hapo ndipo nilipoanza kuwanung'unikia wahenga. Sisi Wabajuni tunajisifu kwa mitepe: chombo kizima kimeshonwa kwa kamba za nazi, tanga la mkeka, msumari hata mmoja hakuna. Makumbusho ya Lamu yameweka mfano wake, wageni wanautazama midomo wazi. Nami nilikuwa nikijisifu nao, mpaka juzi. Karne ngapi za kujenga vyombo, na hawakuona haja ya kumwachia mjukuu kijisumari kimoja chembamba?

Habari ikafika barazani, na baraza likahamia kwangu. Wa kwanza alileta shazia ya kushonea matanga. Ile ingetoboa kitundu kipya pembeni mwa kile cha zamani. Wa pili akachomoa uchelewa kwenye ufagio. Ukaingia vizuri, nikafurahi, ukakatika ndani. Sasa vimekwama viwili. Wa tatu, waya wa kuvulia papa: ni wa chuma, ndiyo, lakini umesukwa nyuzi nyuzi, ukiusukuma unajikunja kama mtu anayedaiwa. Wa nne akasema ndoana ni waya tu uliopindwa, tuinyoshe. Tukaibana kwa koleo, ikavunjika pwa!, kipande kikaruka na kujichoma kwenye kofia ya ami yangu, ambaye hata kwenye mjadala hakuwamo.

Mzee mmoja alikuwa kimya muda wote. Akakohoa, tukanyamaza.

"Wewe mwana, hicho kitu kimejificha kama kasa. Kasa havutwi kwa waya. Mtilie chazo."

Kwa msomaji wa mbali: chazo ni samaki mwenye kisahani cha kunatia utosini. Wazee wetu walimfunga uzi mkiani, wakamwachia karibu na kasa, akaenda kujigandisha kwenye gamba, kisha uzi ukavutwa taratibu, kasa na chazo wote wakaja juu. Kisahani kwa kisahani, kwa hiyo. Kasoro ni mlango: chazo hapiti kwenye tundu la milimita moja. Mzee akasema basi kompyuta imejengwa vibaya, na mpaka leo sijapata la kumjibu.

Lakini labda kosa si la kompyuta, ni la ardhi yenyewe hii. Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza aitwaye Haywood alitia nanga hapa, na baadaye akadai alipata sarafu za kale, za Misri na za Roma. Wataalamu wanabishana hadi leo kama kweli zilitoka Burgao. Mimi nasema zilitoka. Burgao hushika vitu vya duara kwa karne nyingi, kisha humwachia mgeni.

Jua lilikuwa linaelekea alasiri shangazi alipouliza kutoka mkekani, "Kwani nyinyi mwatafuta nini hasa?" Tukamweleza. Akapeleka mkono shingoni, akachomoa pini ya mtandio wake. Nikatazama mkeka mzima. Wanawake kumi na watano, pini kumi na tano, saa tano wamekaa hapo wanatutazama tukivunja ndoana.

Pini iliponyoshwa iliingia, ikagonga, ikakandamiza. Trei ikatoka na uchelewa wake. Bahati ilikuwa divii, ambayo ni visahani viwili vyembamba vilivyogandishwa, na maandishi yako katikati. Ingekuwa sidii, maandishi yangekuwa juu kabisa chini ya rangi, na mawaridi yangebanduka na bwana arusi. Nikaibandua karatasi kwa maji ya uvuguvugu, nikaifuta, ikacheza. Shangazi akatazama dakika kumi, akasema hina ya Mombasa haikukolea, na betri ya sola ikaisha.

Pini haikurudi umbo lake. Sasa shangazi anapita mtaani ameshika mtandio kwa mkono, na kila anayemuuliza kulikoni humwelekeza kwangu. Nimeagiza Kismayo pini dazeni nzima, na klipu. Kusi bado linavuma.