Barua ya Wazi kwa Mtoa Majina wa London

Kwa Bwana Mkubwa Mtoa Majina,
London.

Mheshimiwa,

Nilitaka kumwandikia meya, nikaambiwa mnao wawili: mmoja wa London nzima, mwingine wa kile kipande cha katikati chenye mabenki, cha kama maili moja ya mraba, ambacho nacho kinaitwa Jiji la London. Nikaogopa kupotea hata kwenye bahasha. Basi nakuandikia wewe, uliyegawa majina.

Nilitua Heathrow mwishoni mwa Novemba, peke yangu, na koti la mtumba nililonunua sokoni Karume, ambalo naamini lilikuwa linarudi kwao. Vibao vilitaja jengo la 2, la 3, la 4 na la 5. La kwanza lilifungwa mwaka 2015 na hamkuona haja ya kuhesabu upya. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa ameniandikia: "Shuka Edgware Road, nitakusubiri nje ya kituo." Mimi nimekulia kwenye daladala. Kwetu jina la kituo hulisomi, unapigiwa kelele nalo; konda akisema Mapipa, watu wa Mapipa wanashuka. Treni yako haina konda. Ina umati wa watu wanaotazama viatu vyao kama wamefiwa.

Nikageukia ramani. Ile aliyoibuni Harry Beck mwaka 1931, mistari imenyooka kama mchoro wa nyaya za umeme, umbali wa kweli umetupwa nje kwa makusudi. Jicho likaangukia Edgware, mwisho kabisa wa njia nyeusi. Nikajiambia Edgware ni Edgware, hiyo Road ni mapambo tu, kama mtu anavyosema "Kariakoo sokoni". Leicester Square nikabadilisha treni. Mzee mmoja nilimwuliza, "Edgware?" akanionyesha njia nyeusi kwa uungwana mkubwa. Alijibu nilichouliza, simlaumu.

Kufika Golders Green, treni ya chini ya ardhi ikaibuka juu. (Zaidi ya nusu ya reli zako za chini ya ardhi ziko juu ya ardhi. Nalo hilo ni jina, nakuachia.) Nje giza totoro. Saa yangu ilisema kumi na nusu jioni. Nikaigongagonga.

Nikashuka Edgware, nikapiga simu.

"Upo wapi?"

"Edgware."

Kimya.

"Mdogo wangu, nilikwambia Road."

Kati ya Edgware na Edgware Road pana zaidi ya kilomita 10. Barabara ile, dada akanifundisha, imeitwa hivyo kwa sababu inaelekea Edgware. Hapa nikiri, ingawa kukiri kunaniharibia kesi: nasi tuna Morogoro Road katikati ya Dar es Salaam, na mgeni atakayeambiwa "nisubiri Morogoro Road", akapanda basi la Morogoro, atashuka karibu kilomita 200 mbele, milima ya Uluguru ikimkodolea macho. Hili nakusamehe.

La pili sikusamehe. Nilirudi, nikabadilisha Charing Cross, nikapanda njia ya kahawia, nikashuka Edgware Road yenyewe, jina zima na Road yake.

"Dada, nimefika, nipo mlangoni."

"Na mimi nipo mlangoni."

"Mlango wa wapi?"

"Wa kituo!"

"Kituo gani?"

"Edgware Road!"

Tulibishana dakika ishirini, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo, meno yangu yakigongana. Kumbe, Mheshimiwa, una vituo viwili vya Edgware Road, kila kimoja na mlango wake, vimeachana hatua chache, barabara kubwa imekatiza kati yao. Mliishiwa majina? Kiingereza mmekisambaza dunia nzima, mkasahau kubakiza neno moja la kituo cha pili?

Kwetu kesi hii ingeisha kabla ya chai. Kimoja kingeitwa Edgware Road Darajani, kwa lile daraja la barabara, kingine Edgware Road Shisha, kwa mikahawa yake ya shisha, na hakuna kamati ambayo ingekaa.

Ombi langu ni moja: ajiri konda. Ninaye jamaa yangu, sauti yake haihitaji umeme. Mweke Leicester Square, kazi yake iwe kupiga kelele kutwa: "Edgware siyo Edgware Road! Mwenye dada yake ashuke kwanza aulize!"

Wako mpotevu,
Abiria wa Mbagala Rangi Tatu
(rangi zipi, usiniulize)